Tangi Lililobaki Rafuni

Mwezi wa tano nilishindwa kufunga nati. Haikuwa nati ya ajabu. Ilikuwa ile ndogo ya bomba la petroli, kazi ambayo nimeifanya miaka yote huku nikizungumza na watu. Niliizungusha kwa vidole, nikaamini imeshika njia yake, kumbe ilikuwa imekaa upande. Mmoja wenu, mafundi vijana, alinyoosha mkono akasema kwa upole, "Lete nimalizie, Mzee." Nina miaka arobaini na saba. Nimekwisha kuitwa Mzee sokoni na barabarani, lakini ndani ya gereji ilikuwa mara ya kwanza. Jumamosi ile niliosha spana zangu kwa mafuta ya taa, nikazipanga kwa ukubwa, nikazikabidhi.

Mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijasahau. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Mambo hayo hayafungi nati. Nitaandika nilivyofundishwa, na habari za gari moja ambalo hamkuliona likitengenezwa. Wengi wenu mmelisikia tu kwa utani.

Nilitoka Upareni nikiwa nimesoma mpaka darasa la kumi. Wakati ule mtu wa darasa la kumi alitazamiwa kuwa karani, na baba yangu alikwisha kuninunulia soksi ndefu. Nilikaa ofisini Moshi miezi minne. Kila lori lilipopita dirishani nilisahau nilichokuwa nikiandika. Mwisho nilipanda mojawapo, likanishusha Arusha, na siku ya pili nikasimama mbele ya karakana ya Mistri Pritam, kule chini karibu na mto Themi. Alikuwa Singasinga mrefu, ndevu amezifunga kwa wavu, na Kiswahili chake alijifunzia chini ya magari.

"Wewe najua kusoma?" aliniuliza.

"Najua, Mistri."

"Pole. Hapa hakuna kitabu."

Akanipa debe zima la nati na bolti zilizochanganyika, za Kiingereza na za Kimarekani, nizitenganishe. Kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini njia zake za kuzungukia hazilingani. Nilichukua moja nikamwonyesha.

"Hii inaingia, Mistri."

"Inaingia mara ngapi?"

"Mara moja na nusu, halafu inakaza."

"Basi haiingii. Hiyo nagombana. Kama ni ndugu, nazunguka tatu kwa dole tupu. Tatu. Halafu ndiyo unashika spana."

Nilikaa na debe lile siku sita. Siku ya saba vidole vyangu vilijua bila mimi kutazama, na tangu hapo sikuona tena haja ya kuwa karani. Soksi nilizitumia kuchujia mafuta.

Mistri alikuwa na desturi nyingine ambayo msipoijua hamtaelewa habari hizi. Juu ya mlango wa kutokea palikuwa na rafu. Kitu chochote ulichomwahidi mtu, ukakitengeneza lakini hujakifunga kwenye gari lake, kiliwekwa pale na karatasi yenye jina la fundi. Hukuweza kwenda nyumbani bila kupita chini yake. Yeye hakumkemea mtu. Jioni alisimama mlangoni akifuta mikono, akatazama juu kidogo, halafu akakutazama wewe.

Nilijifunza kwake miaka mitano, kisha miguu ikaanza kuwasha. Nilikwenda Tanga kwenye injini za mkonge, Mwanza kwenye mitambo ya pamba, Nairobi wakati wa vita kwenye malori ya jeshi. Sikufukuzwa mahali popote. Niliondoka tu. Nikiwa Mwanza niliota baridi ya Meru na harufu ya kahawa inapoanikwa; nikirudi Arusha niliota ziwa. Kila nilipoondoka niliacha kitu nusu, na kila niliporudi Mistri alinipa ovaroli bila swali. Nilidhani huo ndio ulimwengu, kwamba unakungoja.

Vita vilipokwisha nilikuwa Arusha tena. Ndipo alipokuja Mzee Anaeli, Mmeru wa juu ya Akeri, mwenye kihamba cha kahawa na migomba kisicho mbali na msitu. Alikuja kwa miguu, kofia mkononi, na katika kofia mlikuwa na kabureta aliyoifunga kwa jani la mgomba kama mtu anayepeleka siagi sokoni.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hii ni mzima au maiti?"

Niliifungua. Ilikuwa nzima, ila mavu walijenga ndani. Nikamwuliza imetoka kwenye gari gani. Akasema haijatoka kwenye gari, inakwenda kwenye gari, na gari hilo bado halijawa gari.

Jumapili nilipanda kwenda kuona. Chini ya migomba, juu ya magogo, palikuwa na chesisi ya lori dogo lililoanguka mtoni na kuachwa na shamba moja la Usa River. Kando yake, chini ya maturubai, palikuwa na injini na giaboksi ya gari la zamani la Kimarekani, pamoja na tangi lake. Alivipata kwa Mgiriki mmoja aliyehama, kwa mizinga kumi ya nyuki. Fahali wanne walivivuta kupanda mlima kwa siku mbili. Mbao za mringaringa za kutengenezea bodi zilikuwa zimekwisha kupasuliwa na kukauka.

"Hili la nini, Mzee?" nilimwuliza.

Alijibu mkewe, Mama Eliudi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akifuma sweta. "La magoti yangu. Miaka thelathini nimeshuka Tengeru sokoni na ndizi kichwani na kupanda na chumvi. Siku ya harusi huyu alisema, iko siku utashuka umekaa. Sasa magoti yamekwisha ndiyo amekumbuka."

"Nilikuwa natafuta ekseli," Mzee Anaeli alisema.

Mwana wao Eliudi alikuwa mwalimu Singida, akija Krismasi kwa Krismasi, kwa hiyo kazi ilikuwa ya sisi watatu. Kwa karibu mwaka mzima nilipanda kila Jumapili baada ya ibada, na Jumamosi nilipoweza.

Nitawaeleza kazi yenyewe, kwa kuwa leo mnapokea gari ambalo kiwanda kimekwisha kufikiri kwa niaba yenu. Injini ya gari moja haikai kwenye chesisi ya jingine kwa kuombwa. Tulikata vipande vya ekseli kuukuu kuwa vikalio, tukaweka chini yake vipande vya mpira wa tairi ili mtikisiko usipasue chesisi. Kupatanisha injini na shafti ya nyuma kulichukua Jumapili tatu. Tulivuta uzi wa mwashi kutoka pua ya injini mpaka katikati ya ekseli ya nyuma, tukapiga kabari za mbao, tukapima, tukang'oa, tukapiga tena. Ikipotoka unene wa ukucha, shafti italia barabarani mpaka ivunjike. Rejeta tuliiziba kwa kulehemu matundu kumi na moja. Breki zilikuwa za fimbo, na tulizirekebisha mpaka magurudumu yote manne yakawa yanakamata pamoja.

Umeme ndio uliotusumbua. Nyaya nilizipata kwenye mabaki ya jeshi, nyaya nzuri za simu, lakini zote nyeusi. Gari lenye nyaya kumi na nne nyeusi ni kesi isiyo na shahidi. Nilikuwa nimekaa chini nikiziangalia Mama Eliudi aliponiuliza kisa.

"Rangi tu?" alisema. Akaingia ndani, akatoka na kikapu chake cha sufu. "Niambie kila moja kazi yake."

Kwenye kila ncha alizungusha uzi na kufunga kifundo kidogo bapa, kisichofunguka. Nyekundu kwa moto wa kuwashia injini, nyeupe kwa taa kubwa, njano kwa dainamo inayolisha betri, buluu kwa taa ya nyuma, kijani kwa honi. Zilizokuwa za kazi moja lakini mahali pawili aliziongezea kifundo cha pili. Kufikia saa kumi aliujua mpango wa nyaya kuliko mumewe, na hakuacha kumkumbusha.

"Anaeli, njano inakwenda wapi?"

"Kwenye betri."

"Inapitia wapi kwanza?"

"Si nimesema betri?"

"Anashona kofia bila kupima kichwa," aliniambia mimi.

Siku injini ilipowaka, mimi ndiye niliyezungusha hendeli. Ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi wa mavu na mafuta ya zamani, kisha ikashika. Mzee Anaeli alivua kofia kama kanisani. Mama Eliudi alisogea mpaka kwenye kibao cha swichi, akainama.

"Fundi, huu mshale si ulisema ni wa kuonyesha betri inakula au inaliwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi mbona unaonyesha inaliwa, na injini inanguruma?"

Nilikuwa nimefunga kinyume nyaya mbili za geji, hiyo yenye mshale. Mimi, fundi wa Nairobi na Mwanza. Nilibadilisha mahali pa vifundo viwili vya njano, mshale ukainuka. Alirudi kwenye kigoda chake akaendelea kufuma kama hakuna lililotokea. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kule bomani kwenye kuandikisha, karani aliuliza gari ni aina gani. Tulitazamana. Akasubiri, akachoka, akaandika "Mchanganyiko."

Sasa nifike kwenye kosa. Tangi lilikuwa chini ya kiti cha dereva, kama lilivyokuwa kwenye gari lake la Kimarekani, na petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye kabureta, bila pampu. Kwenye tambarare halina neno. Ukiteremka ni vizuri zaidi. Lakini pale njia ya Akeri inapovuka mfereji wa maji na kuanza kupanda kwelikweli, pua ya gari inainuka, kabureta inakuwa juu kuliko tangi, na petroli haipandi mlima yenyewe. Injini ilikufa pale. Tulilisukuma gari, injini ikawaka, ikafa tena. Mwisho nilifanya walichokuwa wakifanya madereva wa zamani. Niligeuza gari, nikatia gia ya nyuma, tukapanda kinyumenyume mpaka nyumbani. Kabureta ikawa chini, tangi juu, injini ikafurahi.

Mzee Anaeli hakuona ubaya. Njia ilikuwa na makorongo mawili ya magurudumu yaliyochimbwa na mikokoteni, na gari likishaingia humo lilijipeleka. Lakini kwenye kona makorongo yaligawanyika, na hapo alihitaji macho. Macho hayo yakawa mkewe. Jumapili walishuka kanisani wameketi kama watu wa heshima, na walirudi Mama Eliudi amepiga magoti juu ya kiti katika gauni lake la ibada, uso nyuma, akielekeza, "Kulia. Kulia kidogo. Hapo, simama, kuna mbuzi." Wanawake wenzake waliokuwa wakipanda kwa miguu walicheka mpaka wakaketi ukingoni mwa mfereji.

"Mama Eliudi, unatusalimia kwa wapi?"

"Kisogo kinawatosha," aliwajibu.

Alicheka nao. Lakini siku moja, akinipa bakuli la loshoro, mahindi yake na maziwa ya mgando, alikaa karibu nami, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Fundi, nimesoma katekisimu, siogopi mambo ya kipagani. Lakini unajua anayeingia mji wa watu kinyumenyume ni nani."

"Mchawi, Mama."

"Sasa kuna mtu amelisema hilo, si kwa utani. Na magoti yangu hayapigi tena magoti kwenye kiti. Gari limenishusha nimekaa, nashukuru. Naomba kitu kimoja tu. Nataka nipande nimekaa, nikitazama mlango wangu."

Nilimwambia ni kazi ndogo. Nitatengeneza tangi jembamba la kukaa chini ya kioo cha mbele, juu ya miguu ya dereva, na petroli itateremka kwenye kabureta hata gari likisimama wima. Siku mbili za kazi.

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Wiki ya Wapare ina siku ngapi?"

Tangi nililitengeneza. Nililikunja kwa bati nene, nikalehemu mshono mara mbili, nikatia mdomo wa koki chini yake. Lilikuwa zuri, nilipolitazama nilijisikia fundi. Nililiweka rafuni, nikaandika jina langu kwenye karatasi. Alhamisi ya wiki ile ile likaja lori linalokusanya mafundi wa kwenda Kongwa, kwenye mashamba ya karanga. Walisema kuna matrekta mia yamesimama safu moja. Nilitaka kuyaona. Sina sababu nyingine ya kuwaambia. Nimeitafuta miaka mingi. Nilijisemea tangi haliozi, nitalifunga nikirudi, na nikapita chini ya rafu ile nikitazama viatu vyangu.

Nilikaa Kongwa miezi kumi na moja. Matrekta yalikuwepo, na mengi yaliendelea kusimama. Hendeli ya mojawapo ilinirudi ikanivunja kifundo cha mkono wa kulia, na kikaungwa vibaya. Ganzi mliyoiona vidoleni mwangu ilianzia hapo, ingawa ilichukua miaka kufika. Wakati huo vidole vilikuwa bado vizima. Nasema hivyo kwa sababu ya yanayofuata, sina cha kusingizia.

Niliporudi karakana, Mistri Pritam hakunipa ovaroli. Alinyoosha kidole juu ya mlango. Tangi lilikuwa pale, limevaa vumbi, jina langu limefifia.

"Ile mzee nakuja hapa mara tatu," alisema. "Mimi nasema, lete gari, fundi mwingine nafunga. Yeye nasema hapana. Nasema, Mpare ndiye aliyemwahidi mke wangu, namngoja Mpare."

"Yuko wapi, Mistri?"

"Hospitali. Mama yake mgonjwa."

Alimaanisha mkewe. Nilikwenda na vumbi langu la safari. Mzee Anaeli alikuwa ameketi kwenye nyasi nje ya wodi ya wanawake, na gari lake kando, safi. Aliniingiza ndani, na Mama Eliudi alikuwa kitandani karibu na dirisha, amepungua mpaka nikamtambua kwa sauti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wiki imekwisha?"

Nilimwonyesha mkono uliovunjika. Aliutazama kwa makini, kama alivyotazama geji. "Basi amekwisha kuadhibiwa, mimi nimnyamazie," alimwambia mumewe.

Mganga wa hospitali alikuwa amewaambia asubuhi ile kwamba wanaweza kumrudisha nyumbani. Mnajua maana ya mganga kusema hivyo. Mzee Anaeli alikuwa amekwisha kutandika godoro la magunia nyuma ya gari. Alikuwa aondoke naye mchana ule, apande kinyumenyume kama siku zote. Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

"Nipeni siku mbili," nilisema. "Nitafunga tangi. Mama atapanda akitazama mlango wake."

Walitazamana. Mzee Anaeli alitaka kukataa, nilimwona. Mama Eliudi alimshika mkono. "Nimelingoja miezi kumi na moja. Siku mbili ni nini?"

Nilipeleka gari karakana. Siku ya kwanza niling'oa tangi la zamani, nikatoboa bati la mbele, nikatengeneza mikono ya kulishikilia jipya na kuliwekea mpira lisilie. Siku ya pili ilibaki koki na bomba la shaba. Mdomo nilioulehemu mwaka uliopita ulikuwa wa njia ya Kimarekani, na koki yake niliyokuwa nimeiweka kwenye kopo ilikwisha kutumiwa na mtu. Nilichukua nyingine iliyofanana nayo. Niliizungusha kwa vidole. Iliingia mara moja na nusu, ikakaza. Saa nane mchana ilikuwa imepita. Nilishika spana.

Mistri alikuwa upande wa pili wa karakana, mgongo kwangu. Alisikia ule mlio mdogo wa chuma kinachokata chuma.

"Hiyo nagombana," alisema bila kugeuka.

Mdomo ulikwisha kukatika njia. Nilipotia petroli ilidondoka kwa kila pigo la pili la moyo wangu. Ilibidi kung'oa tangi, kulimwaga, kulijaza maji na kulimwaga mara tatu, kwa sababu tangi lenye mvuke wa petroli likiguswa na moto linaua. Hilo msilifupishe hata kama mnaombwa na nani. Kisha kukata mdomo, kutengeneza mwingine, kulehemu, kungoja upoe, kujaribu kwa maji. Siku ya pili ikaishia hapo.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa chini ya kioo, nikizungusha nati ya bomba kwa vidole, nikihesabu tatu, niliposikia hatua mlangoni. Mzee Anaeli alikuwa amesimama chini ya rafu, kofia mkononi.

"Limekwisha?" aliuliza.

"Bado saa moja tu, Mzee. Saa moja, twende tukamchukue."

"Lifunge vizuri tu, mwanangu," alisema. "Hakuna haraka tena."

Mama Eliudi alikufa alfajiri ile. Ningefunga mdomo wangu siku ile wodini, angefika nyumbani kwake akiwa hai, kinyumenyume, akilalamika njia nzima. Nimefanya kosa la spana mara moja katika maisha yangu na nimelisimulia kwa mafundi wengi. Hili la mdomo wangu sijawahi kulisimulia.

Nililifunga vizuri. Mistri Pritam alikuja akakagua kila nati kwa kidole chake mwenyewe, kisha akaosha mikono, akapanda nasi mpaka hospitali. Tulimlaza Mama Eliudi nyuma, kwenye godoro la magunia, chini ya shuka jeupe. Mimi niliendesha. Mzee Anaeli aliketi nyuma naye, mkono juu ya shuka.

Tulipovuka mfereji wale wanawake walikuwa wamesimama ukingoni, safu nzima. Nilitia gia ya kwanza, pua ya gari ikainuka, nikangoja. Nawaambia kweli, niliomba injini ikohoe. Niliomba ife pale, nipate kuamini kwamba hata kama ningeifanya kazi ile wiki niliyoahidi isingefaa kitu. Haikukohoa. Ilipanda kwa sauti moja mpaka uani, na mlango ulikuwa wazi mbele yetu.

"Imepanda," Mzee Anaeli alisema nyuma yangu.

"Imepanda, Mzee."

Baada ya hapo sikuhama tena Arusha. Watu walidhani nimepata mke au kiwanja. Mistri alipofunga karakana na kwenda kwa wanawe Nairobi, nilihamia gereji hii, na jambo moja tu niliomba, nalo ni ile rafu juu ya mlango ambayo ninyi mnaigonga vichwa na kunung'unika. Sasa mnajua. Miaka hii yote nilikuwa nikipanda Akeri mara mbili kwa mwaka kuliangalia gari lile. Nikifungua kibao cha swichi vifundo vya sufu viko palepale, rangi zimefifia lakini hakuna kilichofunguka. Umeme wake haujawahi kuharibika. Ninavipapasa kimoja kimoja. Njia ya nati sijui kama nitaisikia tena vidoleni, lakini vifundo vile bado navisikia.

Mwezi uliopita nilikwenda si kwa kazi, kwa kusalimia tu. Mzee Anaeli sasa amezeeka sana, na huendesha kati ya nyumbani na kanisani pekee. Nilimkuta njiani Jumapili, nikaketi kando yake. Tulipofika mferejini alisimamisha gari, akaligeuza taratibu, akatia gia ya nyuma.

Nilidhani amesahau. "Mzee," nilimwambia, "tangi tulilihamisha. Gari linapanda uso mbele."

"Najua. Lilipanda siku ile."

"Sasa mbona unarudi kinyume?"

Magurudumu yalikwisha kushika makorongo yake, na kona alikwisha kuzijua kwa moyo. Hakutazama nyuma hata mara moja.

"Nikipanda uso mbele nauona mlango, na mlangoni hakuna mtu," alisema. "Nikipanda hivi naiona njia aliyoshukia."

Nilikaa kando yake, mikono yangu mapajani, tukaitazama njia ikituacha, na mfereji, na ukingo walipokuwa wakiketi wale wanawake, mpaka gari likasimama uani.